Kiwanja Kipya na Masika Yanayoisha: Upande Mboga Gani?

Eneo jipya la kulima mara chache hupatikana kwa wakati. Muuzaji na mnunuzi wanazungushana tangu Februari, serikali ya mtaa inapiga muhuri mwishoni mwa Aprili, vijana wa kufyeka wanamaliza kazi katikati ya Mei, na siku mwenye kiwanja anaposhika jembe kwa mara ya kwanza, masika yamebakiza manyunyu ya wiki mbili tatu. Fedha za tofali bado. Robo eka yake ya Chanika, Kibaha au Kigamboni itakaa wazi mwaka mzima, pengine miwili, na angependa impe walau mboga ya nyumbani. Swali linalofuata ni moja: nimeshachelewa?

Kwa kabichi, pengine. Kwa mchicha, kunde na matembele, hata kidogo. Kinachoamua ni sehemu ya mmea unayotaka kuila, pamoja na idadi ya madumu ya maji unayoweza kuyafikisha shambani.

Maelekezo ya nyuma ya pakiti za mbegu yanaweza kukupotosha hapa, hasa pakiti zinazotoka Uholanzi au Italia. Kule anayechelewa anakimbizana na mwanga na baridi. London hupata kama saa 16 na nusu za mchana mwishoni mwa Juni, na Desemba hazifiki 8, kwa hiyo mboga iliyopandwa Agosti inaweza kukutwa na giza la majira ya baridi kabla haijakomaa. Dar es Salaam, mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote hupishana kwa chini ya saa moja. Joto nalo linatosha: kipupwe cha pwani hushusha usiku hadi nyuzi 18 au 19, hali ambayo mboga nyingi huifurahia kuliko mchemko wa Februari. Kinachokatika ni mvua peke yake. Kwa wastani Dar es Salaam hupata zaidi ya milimita 200 mwezi wa Aprili, na Juni hazifiki 50.

Kwa hiyo, kabla ya kutaja jina la mboga yoyote, tuhesabu maji. Bustani ambayo mboga zimeshafunika ardhi hupoteza kama milimita 4 za maji kwa siku wakati wa kipupwe, kupitia majani na kupitia udongo wenyewe. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Tuta la upana wa mita 1 na urefu wa mita 5 linadai basi lita 20 kila siku isiyo na mvua, yaani dumu moja. Robo eka ni kama mita 1,000 za mraba: madumu 200 kwa siku. Hakuna familia inayobeba hayo kutoka bombani, na anayenunua maji ya boza ataona kwamba mchicha wa gengeni ni rahisi kuliko wake.

Aina ya udongo inabadilisha ratiba ya kumwagilia, ingawa jumla ya maji yanayohitajika inabaki karibu ile ile. Kichanga cha Kigamboni hushika maji machache, na mboga ambazo mizizi yake haizidi sentimita 40 huanza kunyauka siku chache tu baada ya mvua ya mwisho. Tifutifu au mfinyanzi mwepesi wa mabonde ya Kibaha unaweza kuivusha mboga ile ile wiki nzima na zaidi. Chukua udongo wenye unyevu, uviringe kiganjani kama unafinyanga mdoli. Ukisambaratika kabla hujafanya chochote, ni kichanga, na itakubidi umwagilie kidogo kidogo kila siku. Madumu mawili kwa mpigo kila baada ya siku mbili yatapita chini ya mizizi na kupotea.

Sasa tuje kwenye sehemu inayoliwa. Mboga ya majani husamehe. Ukiikata ikiwa na wiki tatu, umekula. Ukisafiri ikakosa maji kidogo, majani yatakuwa madogo na magumu, lakini bado ni mboga. Mmea wa tunda lazima kwanza ujenge mwili, kisha utoe maua, maua yashike, tunda lijae, na hatua zinazohitaji maji zaidi ni hizo za mwisho. Nyanya iliyohamishwa kitaluni mwanzoni mwa Juni itachanua Julai, udongo ukiwa umeshakauka, na ua lililokosa maji hudondoka. Utakuwa umeumwagilia mmea wiki nyingi ukaambulia majani ambayo hayaliwi. Kitunguu kiko kundi hilo hilo, kwa sababu hujaza tunguu mwishoni; kikishahamishwa kinataka miezi mitatu hadi minne, na kabla ya hapo kama wiki sita za kitaluni. Kabichi nayo, ingawa ni majani matupu, iweke upande wa matunda. Huli majani ya kabichi, unakula kichwa, na kabichi ambayo haijafunga kichwa haina mnunuzi wala mlaji.

Ukishakubali hesabu hiyo, kiwanja kinajigawa chenyewe katika sehemu mbili. Moja ni matuta machache karibu na maji, idadi yake sawa na madumu unayoyamudu kwa siku. Nyingine ni eneo lote lililobaki, ambalo halitaona dumu hata moja.

Eneo hilo kubwa lipande kunde, tena usingoje. Kila siku unayoacha ardhi iliyofyekwa ipigwe na jua, unyevu wa masika unaondoka bure. Kunde huzamisha mizizi kina cha mita moja na zaidi ikitafuta maji ambayo mchicha hauyafikii. Baada ya wiki tatu hadi nne unaanza kuchuma majani machanga, na aina za muda mfupi hukomaza punje kati ya siku 60 na 75. Ukichuma majani kwa pupa, punje zitapungua; amua mapema mistari ipi ni ya majani na ipi ni ya punje. Choroko nayo inafaa kwa njia hiyo hiyo. Kulima kwa unyevu uliobaki si ubahili wa mtu aliyechelewa. Wakulima wa Shinyanga na Mwanza hupanda dengu kwenye udongo mweusi wa mbuga kwa makusudi mvua zinapoelekea ukingoni, na zao hilo hukomaa kwa maji yaliyofichwa na mfinyanzi. Mvua nyingi ingeiharibu.

Kunde ina kazi nyingine kwenye ardhi mpya: kivuli. Kiwanja kilichokaa pori mara nyingi kina ndago, na ndago hazimalizwi kwa jembe. Ukikata mnyororo wa viazi vyake vidogo, kila kipande kinaota kivyake, na ardhi uliyoitifua Jumamosi itakuwa ya kijani wiki mbili baadaye. Zinachokichukia ni kukosa jua. Kunde zilizopandwa kwa kubanana, au matembele yaliyotambaa, hufunika ardhi na kuzidhoofisha. Hazitakwisha msimu mmoja, lakini palizi ya vuli itakuwa nyepesi zaidi.

Matembele yanastahili neno la ziada. Yanapandwa kwa vipande vya mashina, si mbegu. Omba kwa jirani, kata vya urefu wa sentimita 30 hivi, fukia nusu. Ndani ya wiki mbili vimeshika, na kuanzia wiki ya tano au ya sita unachuma ncha, nazo zinachipua tena miezi mingi. Yaweke pale maji ya kuogea na kuoshea vyombo yanapomwagika, mradi hayana dawa kali za usafi. Kwa anayeanza bila mtaji, sijui mboga inayorudisha zaidi kwa jasho dogo kiasi hicho.

Kwenye matuta yanayomwagiliwa, mchicha ndio wa kwanza. Ukipandwa kwa kusiwa na kung'olewa mzima, uko tayari kwa wiki tatu hadi nne. Ukipewa nafasi na kuchumwa ncha, unaendelea wiki kadhaa baada ya hapo. Mbegu zake ni ndogo mno, kwa hiyo changanya na mchanga mkavu ili zisirundikane, na tia jivu kidogo pembezoni mwa tuta, maana sisimizi huzibeba hadi tuta likabaki na mabaka matupu na mwenyewe akalilaumu duka la pembejeo. Usisie matuta yote siku moja. Sia moja, subiri wiki moja au mbili, sia jingine. Vinginevyo utakula mchicha mfululizo hadi watoto wagome, kisha utakosa kabisa. Mchicha ukikosa maji hukimbilia kutoa maua na majani yake hudumaa, kwa hiyo shina changa likianza kuchanua, lisome kama malalamiko ya kiu.

Chainizi na figiri zinafuata, wiki tano au sita, na kipupwe ndicho kipindi chake kizuri. Spinachi huchukua wiki sita hadi nane kabla ya chumo la kwanza, kisha hudumu. Sukuma wiki ndiyo mboga ya subira: kutoka mbegu hadi jani la kwanza la sufuria ni miezi miwili na zaidi, lakini huchumwa miezi mingi. Hapa ndipo aliyechelewa anaweza kununua muda. Badala ya kusia, nunua miche iliyokwishafikisha wiki nne au tano kwa wauza miche. Chagua mifupi, minene, ya kijani iliyokolea. Mirefu myembamba imebanana kivulini na itachukua muda kupata nguvu, na ile yenye shina lililosinyaa usawa wa udongo ina kinyausi, usiipokee hata kwa bei ya bure. Mnavu nao hupandwa hivyo. Aina za mnavu Nduruma na Olevolosi, na mchicha wa Madiira 1 na Madiira 2, zimetokana na kazi ya kituo cha World Vegetable Center cha Arusha pamoja na watafiti wa Tengeru. Ukizipata, zina majani mengi kuliko mnavu na mchicha wa kuokota.

Je, tusile matunda kabisa? Hapana. Bamia ina mzizi unaozama, hustahimili kiu, na hutoa maganda ya kwanza ndani ya siku 50 hadi 60. Ngogwe ni bora zaidi, kwa sababu ikishaanza kuzaa haiachi upesi, na ikipungukiwa maji hupunguza matunda bila kufa. Weka mistari michache ya kila moja.

Nyanya ni suala gumu kidogo, kwa sababu kipupwe cha pwani, kwa mwenye maji, ni kipindi kizuri kwake. Usiku wa ubaridi husaidia maua kushika, na hewa kavu hupunguza bakajani, ugonjwa unaoteketeza nyanya za masika. Ukiwa na kisima, ikubali. Hata hivyo kwenye ardhi nisiyoijua nisingepanda zaidi ya tuta moja. Kantangaze, kile kiwavi kidogo kinachotoboa majani na matunda, yupo nchini tangu 2014 na haogopi dawa nyingi. Na kuna adui asiyeonekana kabisa kabla ya kupanda: mnyauko wa bakteria, unaokaa udongoni miaka. Muulize jirani mwenye umri kama mahali hapo paliwahi kulimwa nyanya au bilinganya, na kama zilinyauka ghafla zikiwa bado za kijani. Mche ukinyauka hivyo kwako, kata shina karibu na ardhi, litumbukize kwenye glasi ya maji safi. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka kutoka kwenye kidonda ndani ya dakika chache, usirudishe nyanya, bilinganya wala pilipili hapo kwa misimu kadhaa.

Msimu huu wa kwanza, hata ukiwa mdogo, unakupa vipimo vya bure kuhusu ardhi yako. Unapong'oa mchicha au magugu, tazama mizizi. Mafundo yaliyovimba ndani ya mzizi wenyewe ni kazi ya minyoo fundo, na hapo bamia na nyanya zitateseka. Kwenye kunde usitishike haraka: vinundu vilivyobandikwa pembeni mwa mzizi, vinavyobanduka kwa ukucha na vyenye rangi ya waridi ndani, ni vya bakteria wanaoipatia ardhi naitrojeni. Hivyo unavitaka. Fundo la minyoo halibanduki bila kuukata mzizi.

Maji nayo yana tabia. Visima vingi vya ukanda wa pwani vina chumvi, na chumvi inachagua mboga kabla yako. Maharage, karoti na vitunguu huanza kupunguza mavuno kwa chumvi ndogo ambayo ulimi hauioni vizuri. Spinachi yetu inayouzwa sokoni ni ndugu wa bitiruti, na babu wa ukoo huo bado anaota porini kwenye fukwe za Ulaya, ndiyo maana inavumilia maji yanayoua karoti. Kunde pia si dhaifu. Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo siku moja baada ya kumwagilia, achana na karoti na vitunguu, na unapomwagilia, mwaga kwa wingi mara moja moja ili chumvi isukumwe chini ya mizizi.

Kanuni niliyoisifia ya kupendelea majani inageuka mahali pamoja: mabondeni kando ya mito ya mjini, kama Msimbazi. Vipimo vya watafiti kwa miaka mingi vimekuta madini mazito, risasi ikiwemo, kwenye mboga za majani zinazolimwa na kumwagiliwa huko. Majani hukusanya risasi zaidi kuliko matunda, na vumbi la barabara hukaa juu yake. Ukiwa umepata eneo la namna hiyo, au kiwanja kilichokuwa gereji au dampo, bamia na ngogwe zina nafuu kuliko mchicha, ingawa ningekushauri upande maua tu.

Wasomaji wa Lushoto, Arusha, Mbeya na Njombe wageuze nusu ya niliyoyasema. Kwao Juni na Julai ni baridi ya kweli, na mchicha, bamia na kunde hudumaa hata maji yakiwepo. Lakini baridi hiyo hiyo hupunguza kiu ya mimea, kwa hiyo njegere, karoti, sukuma wiki, figiri na hata ile kabichi niliyoikataa pwani zina nafasi. Nyanya za nje waziache kipindi hicho. Ukungu wa asubuhi huleta bakajani chelewa.

Kuhusu mbegu, nunua iliyofungwa yenye lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu nchini, na soma tarehe. Mbegu ya kitunguu huzeeka upesi, ndani ya mwaka au miwili. Ya nyanya hukaa zaidi. Ukiwa na shaka, weka mbegu 20 kwenye kitambaa kibichi ndani ya sahani iliyofunikwa. Mchicha huota ndani ya siku tatu hadi tano. Zikiota chini ya 10, nunua nyingine, maana mtu aliyekwishachelewa hana wiki ya kupoteza akisubiri tuta lisiloota.

Mwisho ni umbo la matuta. Katika masika yaliyoshamiri huinuliwa ili maji yasituame. Sasa fanya kinyume: chimba majaruba, vitanda vilivyozama sentimita 10 hivi na kuzungushiwa kingo, maji yakae pale ulipoyamwaga. Changanya samadi iliyooza, debe moja kwa kila mita tano za mraba. Samadi mbichi inaunguza miche na huja na mbegu za magugu. Miche ikishashika, tandaza majani makavu uliyoyafyeka, badala ya kuyachoma kama wengi wanavyofanya. Matandazo hayo hupunguza sana maji yanayopotea kupitia udongo, kwa hiyo dumu lako litafika mbali kidogo. Yaweke mbali na shina kwa upana wa vidole vitatu, kwa kuwa sota hupenda kujificha humo mchana na kukata miche usiku.

Kunde zikishavunwa Agosti, zikate usawa wa ardhi bila kung'oa, mizizi na vinundu vyake vioze humo humo. Ngogwe usizitoe hata zikionekana zimechoka mwezi Septemba. Zipunguze hadi kimo cha goti, ziwekee samadi kidogo kwenye shina, na mvua za vuli zikianza Oktoba zitachipua na kuzaa tena, wakati jirani yako ndiyo kwanza anaandaa kitalu.